Kasha la friji la volti 12 ndani ya mashua ndogo ya tanga: tathmini ya misimu miwili

Kasha ninalolitathmini ni friji ya kubebeka yenye ujazo wa lita 40, inayofunguliwa kwa juu, iliyo na kompresa yake ndani na inayotumia umeme wa volti 12. Kampuni zinazotengeneza makasha ya aina hii ni nyingi, na bidhaa zao zinafanana kwa umbo na kwa vilivyomo tumboni kiasi kwamba kulitaja langu kwa jina kusingemsaidia msomaji. Karibu yote nitakayoyasema yanahusu aina nzima. Nimelitumia kwa misimu miwili ndani ya mashua ya tanga yenye urefu wa mita 7 na nusu, isiyo na jenereta, yenye betri moja ya risasi na asidi ya ampea-saa 100 (ampea-saa ni umeme wa ampea moja kwa muda wa saa moja) kwa ajili ya matumizi ya chumbani, na paneli moja ya sola ya wati 100. Mashua hiyo ilikuwa na sanduku la barafu lililojengewa chini ya benchi la kushoto tangu ilipoundwa, na sanduku hilo bado lipo, kwa hiyo nimepata nafasi ya kuvilinganisha vyombo viwili ndani ya mashua moja, katika joto moja, kwa chakula kilekile.

Niseme mapema nilikofika, ili asiye na muda asinilaumu. Kasha lenyewe ni zuri, tena ni zuri kuliko nilivyotarajia. Lakini mtu anayelinunua hununua pia deni la umeme ambalo mashua nyingi ndogo haziwezi kulilipa bila marekebisho, na kwa safari za usiku mmoja au miwili sanduku la barafu lililohamiwa joto ipasavyo, yaani lililozungushiwa kitu kinachozuia joto lisipenye, bado linalishinda kwa urahisi, kwa ukimya na kwa kutoharibika.

Ili kueleza kwa nini, yafaa tuanze na joto lenyewe, kwa sababu wengi wetu tunaponunua chombo cha kupozea huuliza kina nguvu kiasi gani, ilhali swali la kwanza linapaswa kuwa ni joto kiasi gani litakaloingia. Kupoza si kutia ubaridi ndani. Ni kutoa joto nje, na katika mashua joto halichoki kurudi. Sitaha hupigwa na jua kutwa nzima, chumba hakina upepo tukiwa tumetia nanga, na kifuniko hufunguliwa na kila mwenye kiu. Chukua sanduku la lita 50 hivi, ambalo kuta zake kwa jumla zina eneo la karibu mita za mraba 0.9, na uchukulie kwamba nje kuna nyuzi 30 na ndani unataka nyuzi 5. Likiwa limezungushiwa povu la polyurethane lenye unene wa sentimita 5, joto litakalopenya kutani ni kama wati 11, usiku na mchana. Kilo moja ya barafu inapoyeyuka hunyonya kilojuli 334, kwa hiyo wati hizo 11 hula takriban kilo 3 za barafu kwa siku. Punguza povu hadi sentimita 2 na nusu, nayo barafu itakayoliwa itafika karibu kilo 6. Liongeze hadi sentimita 10, nayo itashuka hadi kilo 1 na nusu. Hapo bado hatujahesabu kifuniko kinachovuja wala chupa zilizoingizwa zikiwa na joto la jua.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonifanya nilifungue sanduku langu la zamani kabla sijanunua chochote. Nilitoboa tundu dogo kwenye ukuta wa ndani, nikaingiza waya mwembamba, nikagundua kwamba aliyeiunda mashua hiyo alikuwa amejaza povu la sentimita 3 pande tatu, na upande wa nne, ule unaogusa ubavu wa mashua, hakuweka kitu chochote ila hewa. Kifuniko kilikuwa ubao mtupu wenye tundu la kuingizia kidole, na tundu hilo likipitisha hewa bila kizuizi. Yaani kwa miaka yote hiyo barafu iliyokuwa ikinunuliwa kwa bidii ilikuwa ikipoza bahari.

Nimesema haya katika tathmini ya friji kwa makusudi. Kasha la kompresa linapopewa sifa dhidi ya sanduku la barafu, mara nyingi linalinganishwa na sanduku la namna hiyo, lililokufa kabla ya kuzaliwa. Biashara ya barafu iliwahi kusafiri baharini kwa tanga bila mashine yoyote: mwaka 1806 Frederic Tudor alipakia barafu ya Massachusetts melini na kuipeleka Martinique, na kilichokuja kuifanya biashara hiyo idumu kwa miongo mingi ni vumbi la mbao lililofungashwa kuzunguka vipande vya barafu, pamoja na maghala yenye kuta mbili.

Sasa tuje kwenye kasha. Ndani yake mna kompresa ndogo iliyofungwa kabisa, gesi ya friji inayozunguka kwenye mabomba yaliyolala nyuma ya kuta za ndani, na feni inayotupa joto nje kupitia vitundu vya ubavuni. Linapofanya kazi hutumia wati 45 hivi, sawa na ampea kama 4 kwa volti 12, na likishafikia nyuzi zilizowekwa hupumzika mpaka ndani pawe na joto tena. Jambo la kwanza lililonipendeza ni kasi yake: likiwa tupu hushuka kutoka joto la chumba hadi nyuzi 5 kabla hujamaliza kupanga matanga. Jambo la pili ni kwamba nyama hubaki kavu. Mtu aliyewahi kuokota kifurushi cha nyama kinachoelea katika maji ya barafu yaliyochanganyika na damu na maziwa ataelewa kwa nini nalitaja hilo kabla ya mengine.

Siku ya kwanza, hata hivyo, lilinifedhehesha, ingawa kosa halikuwa lake. Nililichomeka kwenye soketi ya duara, ya aina ile ya kuwashia sigara, iliyokuwapo karibu na ngazi ya kuteremkia chumbani. Lilifanya kazi kwa saa chache, kisha usiku likazima na kuonyesha alama ya betri dhaifu. Nilipoipima betri nilikuta volti 12.4, ambazo kwa betri ya risasi ni zaidi ya nusu ya chaji. Ukweli ulikuwa njiani. Waya uliokwenda kwenye soketi ile ulikuwa wa milimita za mraba 1.5, na umeme ulilazimika kusafiri mita 5 kwenda na mita 5 kurudi. Ampea 4 zikipita kwenye waya wa namna hiyo hupoteza karibu nusu volti, mbali na kile kinachopotea katika mguso mbovu wa soketi yenyewe, ambayo nilipoigusa niliikuta ina moto. Kasha lina ulinzi wa betri wa ngazi tatu, na lilitoka dukani likiwa limewekwa ngazi ya juu, inayokata umeme mapema ili gari liweze kuwaka asubuhi. Kwa hiyo betri ilikuwa na nguvu, ila kasha halikuwa likiziona volti hizo.

Nilitandaza waya mpya wa milimita za mraba 6 moja kwa moja kutoka kwenye betri, nikaweka fyuzi karibu kabisa na betri hiyo, na nikabadilisha soketi kwa plagi ya kufunga kwa kuzungusha, isiyochomoka mashua inaporukaruka. Upotevu ulishuka hadi volti 0.1 hivi. Tangu hapo kasha halijazima hata mara moja kwa kisingizio cha betri, na nimeshusha ulinzi hadi ngazi ya kati. Ningependa kila mtengenezaji aandike jambo hili kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya maelekezo, badala ya kujaza kurasa tatu kuhusu namna ya kuliunganisha kasha na simu, huduma ambayo niliitumia mara mbili na kuisahau.

Waya ukishakuwa sawa, linabaki deni lenyewe. Katika hali ya hewa ya joto kompresa yangu hufanya kazi takriban theluthi moja ya siku, yaani saa 8, na saa 8 mara ampea 4 ni ampea-saa 32. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 haipaswi kunyonywa zaidi ya nusu ikiwa mwenyewe anataka idumu, kwa hiyo kasha peke yake huimaliza sehemu inayoruhusiwa kwa muda wa siku moja na nusu, kabla ya kuhesabu taa, redio na chombo cha kupimia kina. Paneli ya wati 100, ikipata jua zuri la siku nzima, hurudisha takriban ampea-saa 25 hadi 30. Hesabu hiyo karibu inalingana, na neno “karibu” ndilo lililonisumbua msimu wote wa kwanza.

Paneli juu ya mashua ya tanga haiishi maisha ya paneli juu ya paa. Seli zake zimefungwa kwa mfuatano, kwa hiyo kivuli chembamba cha kamba au cha mlingoti kikipita juu ya chache kati yake hupunguza umeme wa paneli nzima kwa kiasi kisicholingana na udogo wa kivuli chenyewe. Tukienda joshi, yaani kuelekea upande unakotoka upepo, saa nne za mchana, tanga kuu hulifunika jua na paneli hulala. Tukipiga bisha, yaani tukigeuza mashua ili upepo uingie kwa ubavu wa pili, huamka. Baada ya saa moja hulala tena. Siku za mawingu hakuna la kujadili. Nilijifunza kuiangalia volti ya betri kila asubuhi kama mtu anayemwangalia mtoto mwenye homa, na hiyo ni kazi ambayo sanduku la barafu halikuwahi kunipa. Msimu wa pili niliongeza paneli nyingine ya wati 100 inayoweza kusogezwa kwa mkono kutoka ubavu hadi ubavu, na tangu hapo nimekuwa nalala vizuri. Lakini basi gharama ya kasha si bei yake dukani. Ni bei hiyo pamoja na waya, fyuzi, plagi na paneli ya pili, na mwenye mashua ambaye hajaviweka hivyo asishangae kasha likimwacha na maziwa yaliyoganda kwa uchachu.

Mahali pa kuliweka panaamua mengi kuliko maandishi ya kwenye boksi. Joto linalotolewa ndani ya kasha halipotei. Feni hulitupa ubavuni, na kama ubavu huo umebanwa kwenye kabati, kasha hunyonya tena hewa ileile iliyokwisha kupata moto, kompresa ikafanya kazi muda mrefu zaidi, kabati likazidi kuwa na joto, na mzunguko huo ukaendelea mpaka betri ichoke. Niliwahi kuliweka chini ya benchi kwa wiki moja kwa sababu ya kubana nafasi, na halikupumzika mchana kutwa. Sasa limekaa sakafuni karibu na ngazi, upande wa feni ukiwa wazi kwa upana wa kiganja, mahali ambapo hewa ya jioni huteremka. Hapo linazuia njia kidogo, na kila mgeni hujigonga goti mara moja, lakini ndipo panapolifaa.

Kuhusu mashua kulala ubavu kwa upepo, sina lalamiko. Watengenezaji wengi wa kompresa hizi hutaja mwinamo wa nyuzi 30 kuwa unavumilika, na langu limefanya kazi kwa saa nyingi mashua ikiwa imelala kwa nyuzi 20 na zaidi bila kusita. Hili linastahili kutajwa kwa sababu friji zinazotumia joto la gesi ya kupikia, zile zisizo na kompresa, huhitaji kukaa sawasawa ili kimiminika chake kizunguke, na katika mashua inayokwenda joshi haziwezi. Isitoshe, zina mwali unaowaka bila kuangaliwa, na gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja huteremka na kutuama katika ngama, yaani shimo la chini kabisa ambamo maji ya chombo hukusanyika, ikisubiri cheche. Sitaiingiza katika mashua yangu hata nikipewa bure.

Kilichohitaji kazi ni kulifunga. Vishikio vya kasha vimebuniwa kwa ajili ya mikono miwili ya mtu anayetembea kutoka garini, wala si kwa kuzuia kilo 30 zisiruke chumbani. Niliskurubu vikuku vinne vya chuma kisichoshika kutu sakafuni na kulifunga kwa mikanda miwili. Kifuniko nacho kina kifungo cha plastiki ambacho kilifunguka chenyewe mara ya kwanza tulipopigwa na mawimbi ya mbele, na nusu ya vilivyokuwamo vikaenda kutalii. Mkanda wa tatu unaopita juu ya kifuniko umemaliza tatizo hilo, lakini umeongeza la kuufungua kila mtu anapotaka maji. Labda ni baraka: kifuniko hufunguliwa mara chache.

Kelele zake si kubwa mchana. Usiku, ndani ya chumba ambacho kichwa cha aliyelala kiko mita moja na nusu kutoka kwenye kompresa, mngurumo unaoanza na kukoma kila baada ya dakika ishirini huwaamsha wenye usingizi mwepesi. Mimi hulishusha hadi nyuzi 2 wakati wa jua la alasiri, umeme ukiwa unaingia kwa wingi, kisha hulipandisha hadi nyuzi 5 wakati wa kulala. Vinywaji vilivyokwisha kupoa hushika ubaridi wenyewe kwa saa kadhaa, na kompresa hukaa kimya mpaka usiku wa manane. Baada ya hapo huwasha mara chache tu. Kwa nyama na samaki mimi huhakikisha kwamba joto la ndani halizidi nyuzi 5 muda mrefu, na kwa sababu hiyo sitegemei namba inayoonyeshwa kwenye kioo.

Namba hiyo hupimwa mahali pamoja tu, karibu na ukuta unaogandisha. Nilipoweka vipimajoto viwili vidogo ndani ya kasha lililojaa, kimoja chini na kingine juu kabisa chini ya kifuniko, tofauti kati yao ilizidi nyuzi 5. Hewa baridi ni nzito, hukaa chini. Ndiyo sababu kasha linalofunguliwa kwa juu halimwagi ubaridi wake kama friji yenye mlango wa mbele, lakini ndiyo sababu pia mboga za majani zilizogusa ukuta wa chini ziliganda na kugeuka kuwa utelezi, huku siagi iliyokuwa juu ikilainika. Mpangilio wangu sasa ni nyama na samaki chini, vinywaji katikati, jibini na mabaki ya chakula juu, na mboga ndani ya kikapu cha plastiki kisichogusa ukuta. Mapengo huyajaza kwa chupa za maji. Kasha lililojaa hubadilisha joto polepole kuliko tupu.

Barafu nyembamba inayojijenga ukutani hupunguza uwezo wa kupoza, kwa kuwa nayo ni kihami joto, na kila baada ya siku saba au nane wakati wa unyevunyevu ni lazima kulizima na kuiacha iyeyuke. Usiikwangue kwa kisu. Bomba la gesi liko nyuma ya bati jembamba, na likitobolewa kasha huwa limekufa. Sufuria ya maji ya moto ikiwekwa ndani na kifuniko kikafungwa kwa robo saa, kazi huwa imekwisha. Hapa natoa alama mbaya kwa mtengenezaji: tundu la kutolea maji liko juu ya usawa wa sakafu ya ndani, kwa hiyo kiasi fulani hubaki siku zote na hukaushwa kwa sponji.

Kabla ya kasha hili niliwahi kununua kasha la bei nafuu lisilo na kompresa, linalopoza kwa umeme unaopita katika viunganishi vya vitu viwili tofauti vinavyopitisha umeme, kanuni ambayo Jean Peltier aliigundua mwaka 1834. Halina sehemu inayosonga isipokuwa feni, na muuzaji hulisifu kwa hilo. Lakini makasha hayo hupoza kwa kadiri tu, kama nyuzi 20 chini ya joto la nje. Chumba kikiwa na nyuzi 32, ndani utapata nyuzi 12, ambazo kwa soda si mbaya na kwa nyama ni hatari. Tena hunyonya ampea 4 au 5 bila kupumzika, mchana na usiku, yaani karibu ampea-saa 100 au zaidi kwa siku. Lilifaa kuwa stuli.

Kuna njia ya kati, nayo ni kuunga kompresa na bamba la kugandisha ndani ya sanduku la barafu lililopo. Kompresa ndogo zinazotumika sana kwa kazi hiyo ni zile za ukoo wa BD, zilizokuwa za kampuni ya Danfoss na sasa ni za kampuni ya Secop, na nimezifanyia kazi katika mashua ya rafiki. Uzuri wake ni kwamba unachagua unene wa povu mwenyewe, na ugumu wake ni huohuo. Kitu kimoja ninachokipenda ni kwamba kidhibiti chake kikiungwa taa ndogo huitumia kueleza ugonjwa wake: taa ikimulika mara moja, volti zimeshuka mno, mara mbili, feni inanyonya umeme kupita kiasi, mara tatu, mota imeshindwa kuanza, mara tano, kidhibiti kimepata joto kupita kiasi. Katika mpangilio wa kawaida hukata umeme volti zikifika 10.4 na kurudi zikifika 11.7. Kiwango cha kukata ni cha chini mno kwa usalama wa betri ya risasi, na ni heri kukipandisha kwa kipingamizi, yaani kipande kidogo kinachozuia umeme, kama maelekezo yanavyoruhusu.

Narudi kwenye sanduku langu la zamani, ambalo halikutupwa. Nilijaza povu upande ule uliokuwa na hewa, nikaongeza mabamba ya povu ndani mpaka unene ukafika sentimita 8, nikatengeneza kifuniko kipya chenye povu na raba ya mlango pande zote, na nikaziba mdomo wa bomba la kutolea maji. Bomba hilo lilikuwa likimwaga moja kwa moja ndani ya ngama. Kila siku lilikuwa likitoa hewa baridi hata pale ambapo hakuna maji ya kutoka, na maji yenyewe, yakiwa na maziwa na damu ya samaki, yalikuwa yakioza chini ya sakafu na kutoa harufu ambayo wageni walidhani ni ya choo. Sasa maji hupampiwa kwa mkono hadi kwenye ndoo.

Ujazo umepungua hadi lita 30 hivi, na sikuujutia hata kidogo. Ninaweka humo chupa za maji ya kunywa zilizogandishwa nyumbani zikiwa zimejazwa mpaka kwenye mabega tu, kwa kuwa maji yakiganda hutanuka. Chupa kubwa huyeyuka polepole kuliko vipande vidogo, kwa sababu eneo lake la nje ni dogo kwa uzito uleule. Ndani ya sanduku hakuna maji yanayomwagika. Na barafu ikishakwisha, kilichobaki ni maji baridi ya kunywa. Kwa kinachohitaji kubaki kimeganda, chupa moja ya maji ya chumvi huyeyukia chini ya nyuzi sifuri, ingawa lazima igandishwe kwanza katika friji yenye uwezo huo. Vinywaji huvipoza nchi kavu kabla ya safari, kwani kila lita tatu zinazoingia zikiwa na nyuzi 30 hula karibu kilo nzima ya barafu ili zifike nyuzi 5, na hakuna povu linaloweza kuzuia hilo. Barafu kavu, ile ya kaboni dioksidi yenye nyuzi 78.5 chini ya sifuri, siitumii: haiyeyuki bali hugeuka gesi inayotuama chumbani, na kulala juu yake ni kuomba kutokuamka.

Kwa hiyo mgawanyo wa kazi ndani ya mashua yangu ni huu. Kwa safari ya siku moja hadi tatu, kasha hubaki nchi kavu, sakafu huwa wazi, na sanduku hutosha. Kwa safari ya siku nne na kuendelea, kasha huja na kubeba nyama, samaki na maziwa, na halifunguliwi zaidi ya mara nne kwa siku, huku sanduku likibeba vinywaji na likifunguliwa na yeyote apendaye. Utengano huo wa vinywaji na chakula umepunguza matumizi ya umeme kuliko badiliko lolote jingine nililolifanya baada ya waya, kwa kuwa kiu hufungua kifuniko mara nyingi kuliko njaa.

Likiwa ndani ya mashua iliyoandaliwa, kasha hili nalipa alama 8 kati ya 10. Mbili nimezikata kwa kifungo cha kifuniko, tundu la maji lililowekwa vibaya, na plagi ya sigara ambayo haikupaswa kuwamo katika boksi la chombo kinachouzwa kwa mabaharia. Likiwa ndani ya mashua yenye betri moja, waya mwembamba na isiyo na paneli, nisingelipa hata 4. Mwenye mashua ya namna hiyo na anunue kwanza mabamba ya povu na raba ya kifuniko, apime ni kilo ngapi za barafu sanduku lake linakula kwa siku, na akikuta hazizidi 2, sioni kwa nini aende dukani kutafuta friji.

Msimu ujao nimepanga kulikalisha kasha juu ya bamba la povu la sentimita 4, kwa sababu sakafu ya mashua yangu iko moja kwa moja juu ya injini, na tukiingia bandarini kwa injini nimeona kompresa ikianza kufanya kazi hata kabla hatujafunga kamba.